Sikuwa Chini ya Gauni la Moelagi

Auckland ya Kusini,
Jumamosi, baada ya chai.

Ndugu Mhariri wa gazeti letu la mtaa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wote wa hapo ofisini. Mimi ni mzima pia, isipokuwa kichwa changu, ambacho kiko ukutani.

Naitwa Peniamina Lafaele, shemasi, mstaafu wa kiwanda cha sabuni. Nakuandikia kuhusu mchoro mkubwa ulio kwenye ukuta wa duka la kufulia nguo, mkabala na kituo cha basi. Nasikia halmashauri inataka kuupaka rangi ya kijivu kwa sababu kuna mwananchi amelalamika kwamba unawafanya watoto waulize maswali. Mwananchi huyo si mimi. Mimi ni mwananchi wa pili. Naunga mkono kijivu, na sababu zangu ni hizi:

1. Mchoro unaonyesha ile siku ya miaka ya sabini ambapo polisi walisimama kwenye geti la kiwanda chetu wakimdai pasipoti kila mwenye ngozi kama yangu. Hilo ni kweli, silikatai. Wazungu walipita wakisalimiwa. Sisi wa visiwani tukapangwa ukutani. Kibali changu cha kukaa nchini kilikuwa kimekwisha, na mfukoni sikuwa na kitu ila kitambaa cha jasho.

Mchoro unamwonyesha pia binamu yangu Moelagi akivuka barabara kutoka saluni ya Rodney, nusu ya nywele zingali zimeviringwa kwenye rola, amevaa gauni la mashindano ya urembo ya kuchangia paa la kanisa. Moelagi alikuwa fa'afafine: alizaliwa akapewa jina la kiume, akaishi maisha yake kama mwanamke, na kwetu Samoa kila ukoo una wake. Gauni lilikuwa pana kama hema la msibani. Yote hayo yamechorwa vizuri. Tatizo ni kwamba pindo la gauni limeinuka kidogo upande wa kushoto, na hapo chini kuna kichwa kinachungulia. Kichwa hicho ni changu. Masikio yale hayana mfano mtaa mzima.

2. Sikuwa chini ya gauni. Nilikuwa nyuma ya gauni, karibu nalo sana, kwa sababu ya upepo.

3. Mchoraji ni Tiresa, mtoto wa marehemu dada yangu, naye ni fa'afafine kama Moelagi. Alichora na rafiki zake, Wasamoa na Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi hii, wakiimba juu ya ngazi mchana kutwa. Nilimfuata na fimbo yangu.

"Tiresa, nitoe humo."

"Nikutoe nikuweke wapi, Mjomba?"

"Mbele. Nionekane nabishana na polisi."

"Kwani ulibishana?"

"Kimoyomoyo."

Alicheka mpaka wenzake wakamshikia ngazi. Halafu akasema, "Mjomba, nikikufuta litabaki tundu kwenye gauni. Watu watauliza humo alikuwa nani."

Hayo ndiyo majibu tunayopewa wazee siku hizi.

4. Rangi zenyewe ni za uongo. Tiresa amechora neti za ndani ya gauni kwa pinki. Neti zilikuwa za njano, tabaka juu ya tabaka, na kwenye mshono wa kiuno kulikuwa na pini iliyosahauliwa, iliyonichoma hapa juu ya nyusi. Aliyekuwa nje asingeweza kuyajua haya. Kwa hiyo ni wazi kwamba Tiresa hakufanya utafiti.

5. Rodney amechorwa mrefu kuliko mimi. Rodney alikuwa msusi, Mwingereza wa Leeds. Moelagi alipofika getini alimwambia mkubwa wa polisi, "Afande, mbona mimi huniulizi? Nimejipamba hivi nisiulizwe?" Fa'afafine wenzake wakatoka saluni na krimu usoni, wakapanga foleni nyuma yake, kila mmoja akidai aulizwe. Ikabidi waandikwe. Moelagi alitaja jina lake, la baba yake, la babu yake, la kijiji, na la pacha wa babu yake ili wasije wakachanganywa. Polisi aliandika mpaka kalamu ikaisha wino. Muda wote huo gauni lilikuwa linasogea polepole kuelekea kwenye kona, na mimi nyuma yake.

Hapo Rodney akanyoosha mikono yote miwili. "Nikamateni mimi! Mimi ndiye sina kibali! Kimekwisha tangu mwaka juzi!"

"Nenda nyumbani, bwana," polisi akamwambia kwa upole.

"Nyumbani wapi? Leeds?"

"Tafadhali, bwana, unatuzuia kutafuta wasio na kibali."

Nakiri Rodney alikuwa na moyo. Sheria ya wakati huo ingeweza kumfunga kwa kumpenda mwanamume tu, na bado alikwenda kuwapigia polisi kelele usoni. Lakini hilo halimpi haki ya kuchorwa mpaka kufika dirisha la duka wakati mimi naishia kwenye kifundo cha mguu wa Moelagi.

6. Tangu mchoro ukamilike sina amani. Dereva wa basi ananiita Mzee wa Pindo. Wanawake wa kwaya wanapiga picha wakiwa wameinama pembeni ya kichwa changu. Mke wangu Fuatino, ambaye kwa miaka yote ya ndoa yetu alijua kwamba niliwapita polisi wale kifua mbele, sasa akifagia ananiambia, "Sogea, Peniamina, au nikuletee gauni?"

7. Kwa hiyo naomba halmashauri ipake kijivu haraka. Pia ihamishe kituo cha basi, ili wanaosubiri watazame upande mwingine. Pia inipe cheti chenye mhuri kwamba sijawahi kuwa ndani ya vazi lolote lisilo langu. Pia ipige marufuku magauni yanayoweza kumbeba shemasi mzima. Na kwa kuwa kiwanda cha sabuni kilibomolewa zamani, naomba kijengwe upya pale pale, geti likiwa wazi na polisi wakiwa wamesimama, nami nipewe nafasi ya kutoka tena nikiwa nimenyooka.

8. Hoja yangu ya mwisho ni ushahidi. Moelagi alizaliwa hapa hapa Auckland. Karatasi zake zilikuwa safi kuliko za polisi wenyewe, na angeweza kukaa saluni amalizie nywele zake. Walimkamata kwa kosa la kufanya fujo. Alitoka Jumatatu, jicho limevimba, na gauni hawakulirudisha. Mimi nilikuwa nyumbani, nakula sapasui, tambi za kwetu, aliyopika mama yake.

Hakunidai neno. Alinishonea suti ya harusi. Siku ya harusi Fuatino alimuuliza siku ile ilikuwaje, naye akajibu mbele ya meza nzima, bila kunitazama, "Peniamina alinishikia pindo lisichafuke." Kila alipoulizwa alijibu hivyo, mpaka tukamzika.

Basi, Mhariri, hayo ni maneno ya marehemu. Alisema nilishika pindo. Mchoro unampinga, na sitakubali Moelagi aonekane mwongo kwenye ukuta wa kufulia nguo.

Nisalimie wote hapo gazetini, na anayepanga matangazo ya vifo, na mama wa chai, na familia zenu, na yeyote mtakayekutana naye leo asiyenitania.

Wako kwa heshima na kwa ukweli,
Shemasi Peniamina Lafaele

Nyongeza: Nilipokwenda kuiposti barua hii niliwakuta mafundi wa halmashauri wameanza. Walianzia chini kushoto, na kichwa changu kilikuwa kimeshakuwa kijivu. Nikawashukuru, nikasimama kutazama. Kisha rola ya rangi ikapanda ikafunika mkono wa Moelagi, ikapanda tena, ikamkaribia uso. Sijui vizuri kilichofuata. Wanasema ni mimi niliyepiga teke ndoo zote, na ni mimi niliyekumbatia ngazi huku fundi akiwa juu. Nakuandikia haya kutoka kwenye benchi la kituo cha polisi, suruali yangu ya kanisani ikiwa imelowa rangi, na Fuatino yuko hapa pembeni amenishika mkono. Kwa hiyo usichapishe namba 2, wala 4, wala 7. Afadhali usichapishe chochote, ila mwambie Tiresa mafundi wameondoka na ukuta bado uko. Aje na rangi zake anirudishe mahali pangu, na safari hii aliinue pindo zaidi, watu waone vizuri ni nani.