Shukrani za Watu Sita

Jumatatu, 3 Machi

Chuo chetu hapa Naguru, Kampala, kinataka msaidizi wa uandishi. Mmoja tu. Atapewa chumba, ufunguo, na jina lake mlangoni! Mpaka leo tumekuwa wawili wa kujitolea kuwasaidia hawa wanafunzi wa uzamili wa theolojia: mimi, Odero, na Moreen Nyongesa wa Bungoma. Mkuu wa Chuo, Dkt. Abwola, amesema atachagua baada ya kupokea tasnifu sita za mwaka huu, akiangalia nani amewafaa zaidi wanafunzi.

Sina wasiwasi. Moreen ni wa kuhurumiwa. Anawapa madaftari ya shule ya msingi, waandike kila kitu kwa mkono kwanza na kutia tarehe, kisha wamsomee kwa sauti aya baada ya aya. Wachungaji wazima, wenye makanisa yao, wanasoma kama watoto wa darasa la nne. Na bado wanamwita Mwalimu. Mimi wananiita "yule wa kurasa", kwa sababu nimepewa kupanga pambizo na namba za kurasa kabla tasnifu hazijajalidiwa.

Mtu wa kiwango changu! Tasnifu yangu mwenyewe iko sura ya pili tangu 2016. Kazi nzuri haiharakishwi.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata njia. Dkt. Abwola aliwahi kusema kwamba tasnifu yoyote yeye huanza na ukurasa wa Shukrani. Namwelewa. Kurasa zinazofuata zinamlaza mtu kuliko dawa.

Na faili zote sita ziko kwangu.

Nimezifungua. Aibu tupu. Padre Ojara anamshukuru mama yake kwa kuuza simsim. Simsim, ufuta ule wa sokoni, katika kazi ya kitaaluma! Rosebella, shemasi mzima, anamshukuru bodaboda aliyekuwa akimpandisha kilima cha Naguru mpaka chuoni siku za mvua. Moreen ametajwa mara sita. Mimi sijatajwa hata na mmoja, na pambizo zao zimenyooka kwa mkono wangu.

Jumatano, 5 Machi

Padre Ojara alipita asubuhi na majivu yake ya Kwaresima kwenye paji la uso, akauliza kama kurasa ziko tayari. Nikamwambia asubiri, mwenye haraka hali kilichoiva.

Halafu nikafanya kazi. Nimefuta Shukrani zote sita na kubandika za kwangu. Niliziandika 2016, kabla hata ya sura ya kwanza, na mpaka leo sijaona ukurasa wa kuzishinda. Juu kabisa nimeongeza: "Zaidi ya yote namshukuru Bwana Odero, ambaye bila yeye nisingefika popote." Anafuata Mwenyezi Mungu. Kisha "mke wangu mpendwa Aluoch, kwa kunivumilia." Hapo patahitaji marekebisho. Aluoch mwenyewe hakuvumilia, alirudi Kisumu 2019.

Hayo ya mke nitabadilisha kesho. Faili nimemtumia Hamim, mwenye duka la kuchapa na kujalidi hapa chini ya chumba changu Bukoto, azitazame tu.

Alhamisi, 6 Machi

Hamim amezijalidi!

Zote sita. Alfajiri alikwenda soko la Kikuubo kununua majalada mekundu, akafunga kazi kabla ya futari, akazipeleka Chuo mwenyewe kwa sababu ni Ramadhani na anatafuta thawabu. Nani alimtuma atafute thawabu kwenye mambo yangu?

Na amesoma. Mababu zake walikuja na biashara kutoka Pwani, basi anajiona mlinzi wa Kiswahili chote cha Kampala, hakipiti kipande cha karatasi asikikague. Aliniambia kwa upole kwamba mume mmoja na wake wanne analijua, ni la dini yake. Lakini waume sita kwa mke mmoja, tena mmoja wao padre na mwingine mwanamke, hilo hajapata kulisikia. Alidhani labda ni desturi ya chuo. Nikamwambia theolojia ni bahari.

Ijumaa, 7 Machi

Chuo kina programu ya kompyuta inayolinganisha maandishi. Imekamata ukurasa mmoja, neno kwa neno, kwa watu sita. Dkt. Abwola ametangaza kwamba hakuna atakayetetea tasnifu yake mpaka ijulikane nani alimwibia nani. Rosebella alilia pale pale ofisini. Amesoma miaka mitatu huku akiuza dukani kwa shemeji yake mchana.

Dkt. Abwola aliniuliza mbona Bwana Odero anatangulia Mungu. Nikajibu kwamba wanafunzi wa siku hizi wana shauku. Kisha nikamnong'oneza kwamba watu wanaosoma kwa sauti chumba kimoja kila wiki lazima wataigana, na njia hiyo ni ya Moreen. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Pole yake.

Jumatatu, 10 Machi

Kikao. Moreen alikuja na mfuko wa madaftari. Ndani ya kila daftari, ukurasa wa Shukrani, kwa mkono wa mwenyewe, na tarehe. Dkt. Abwola akauliza faili zilipita kwa nani baada ya hapo. Wote wakanitazama, bila adabu.

Padre Ojara aliombwa asome ya kwake. Mama yake aliuza simsim Kitgum miaka kumi na mmoja ili yeye asome. Alizikwa Januari. Nakala ya kwanza ilikuwa iende nyumbani kwake.

Akafunga daftari, akaniambia kwa kile Kiswahili chake cha kuombea maji: "Odero, hiyo ya bibi mimi nacheka tu. Lakini mama yangu, wewe natoa kwa nini?"

Nikageukia dirisha. Nikapangusa macho. Vumbi la Naguru ni baya sana msimu huu.

Jumatano, 12 Machi

Chumba amepewa Moreen. Jina limeshapakwa mlangoni, na herufi zimepinda. Wanafunzi watatetea, Shukrani zao zitarudishwa. Mimi nimeagizwa niandike barua sita za kuomba radhi, kila moja kwa mkono, kila mtu aambiwe la kwake. Moreen amenipa daftari! Nimeliweka chini ya mguu wa meza unaocheza.

Alhamisi, 13 Machi

Barua sita kwa mkono, karne hii! Nimepekua kompyuta na kukuta barua ya msamaha niliyoiandika 2019 bila kuituma. Nzuri ajabu. "Mpenzi wangu Aluoch, nyumba imekuwa baridi tangu uondoke, rudi tulale tukiwa tumesameheana." Machozi yalinilenga.

Nimeibandika mara sita. Majina nitabadilisha kesho. Kwa sasa nimemtumia Hamim, azitazame tu.