Bima ya Chombo cha Kuazima

Cuthbert wa Namswea alikuwa mgahawani karibu na stendi ya Mbinga, anakunywa chai ya mkopo, aliposikia meza ya jirani mfanyabiashara mmoja wa mbolea akilalamika. Karani wake alikuwa anapeleka mifuko kwa mteja kwa pikipiki yake mwenyewe, akamgonga ng'ombe wa watu. Bima ya pikipiki ilikuwepo na imelipiwa, lakini kampuni imegoma kulipa. Wanasema ile ilikuwa bima ya mtu kwenda kanisani na kurudi, siyo ya kubeba mizigo ya tajiri.

"Nikaenda kwenye bima ya duka langu," alisema yule bwana. "Nao wakaniambia pikipiki si ya duka. Kwa hiyo pikipiki si yangu, ila ng'ombe ni wangu."

Kila mmoja mezani alianza kuhesabu kimoyomoyo: pikapu ya shemeji, Fuso la kukodi msimu wa kahawa, pikipiki ya kijana wa dukani. Nusu ya biashara ya Mbinga ilikuwa inatembelea magurudumu ya watu wengine. Cuthbert aliisikia hofu yao, akaagiza chapati, nayo kwa mkopo.

Ni haki msomaji aambiwe kwamba bima ya kukinga janga la namna hiyo ipo kwelikweli, na kampuni halali huiuza kwa karatasi halali. Cuthbert hakuona sababu ya kuwasumbua. Mchana huohuo alikuwa steshenari anachapisha vyeti vya Mwavuli Bima, kampuni iliyozaliwa dakika kumi kabla. Maneno aliyatunga mwenyewe: "Mwavuli Bima italipa hasara ya chombo chochote kisicho mali ya mwenye biashara, kiwe cha kukodi, cha kuazima au cha mfanyakazi." Neno "chochote" lilimpendeza sana. Lilionyesha ukarimu na halikugharimu kitu.

Ila meneja wa bima hawezi kushuka kwenye bodaboda akaaminika. Akaenda kwa Ladislaus, mkodishaji wa magari, mtu asiyecheka wala kukopesha, akachukua Harrier nyeupe. Dhamana aliyoacha ilikuwa hati ya shamba la kahawa la marehemu baba yake.

"Jumamosi saa sita gari lisipokuwa hapa, shamba ni langu," alisema Ladislaus. Cuthbert alicheka, akasaini mkataba haraka. Mama yake alikuwa bado anapogolea mikahawa ileile kila mwaka, na hakujua kwamba hati imetoka sandukuni.

Mbinga walimfahamu mno, hata wadai wake walifahamiana. Kwa hiyo Jumatatu aliteremka ziwani hadi Lipingo, ambako akina mama wa usipa husafirisha samaki wao wakavu kwa magari ya kukodi na ya kuombaomba.

Mwenyekiti wao alikuwa Mama Ottilia, ambaye pia ni katibu wa kanisa, na ndiye anayeombwa kusoma kila barua inayofika kijijini. Alivaa miwani iliyofungwa kwa uzi, akakisoma cheti mara mbili huku kidole kikitembea chini ya maneno.

"Shikamoo tena, mama," alisema Cuthbert, maana kidole kilikuwa kimesimama mahali pamoja.

"Marahaba tena. Hapa umeandika chochote."

"Chochote, mama. Sisi hatubagui."

"Na hela hatuna mpaka usipa uuzwe."

"Hata usipa tunapokea," alisema Cuthbert, naye akajishangaa kwa ukarimu. Akili yake ilishafika soko la Songea, ambako gunia la usipa ni hela tupu.

Jumanne asubuhi, kabla hajamaliza kunawa uso kwenye nyumba ya wageni, alimkuta Edina mlangoni na beseni la vigae. Edina ni mama lishe, na alikuwa miongoni mwa wa kwanza kukata bima.

"Meneja, nimekuja kudai. Nilipika kwenye sherehe ya kipaimara, meza ikavunjika. Sahani kumi na mbili na bakuli la mchuzi, zote za kuazima kwa jirani."

"Pole, mama. Ila bima yetu ni ya vyombo."

Edina alilitazama beseni, akamtazama yeye. "Na hivi ni nini?"

Cuthbert alifungua mdomo kueleza kwamba chombo ni gari au pikipiki, akamwona mzee Dunstan nyuma yake. Dunstan alikuwa amepasua mtumbwi wa kuazima kwenye mawe, na kwa mtu wa ziwani ukisema chombo anatazama majini. Nyuma ya Dunstan kulikuwa na watu wengine ambao bado hawajakata bima, wanangoja kuona mambo yatakavyokuwa.

Hapo ndipo ujanja wa Cuthbert ulipong'aa. Alitoa hela mfukoni, akalipa sahani papo hapo, na mtumbwi akauahidi wiki ijayo. Mpaka jioni kila mwenye kibanda Lipingo alikuwa amekata bima, na Jumatano Harrier ilijaa magunia ya usipa mpaka viti vya nyuma. Gari lilinuka vibaya, naye alilinusa kwa furaha. Alipanga kuondoka Alhamisi asubuhi, gari lirudi mapema na hati irudi sandukuni, mama asijue kitu.

Alhamisi asubuhi Mama Ottilia alikuwa amesimama mbele ya gari, na kikundi chake chote nyuma yake.

"Meneja, pikapu tuliyokodi imekufa. Tuazime gari lako, tufike Mbamba Bay mara moja."

"Mama, ningependa sana, lakini gari hili ni la kampuni—"

"Ndiyo maana. Mimi nimekata bima ya chombo cha kuazima. Kama unaogopa kuniazima, basi hata wewe bima yako huiamini."

Akina mama walimtazama. Cuthbert alijiona amebanwa na mlango wa nyumba aliyoijenga mwenyewe. Akataka angalau ashushe magunia, lakini kushusha magunia mbele ya wateja kungekuwa ni kukiri.

"Na unipe barua ya kuwaonyesha trafiki," aliongeza Mama Ottilia, akatoa kalamu. "Andika tu kwamba umenikabidhi gari na kila kinacholihusu. Saini hapo."

Alisaini. Walisema watarudi saa nane. Saa nane ikapita, na jioni ikapita. Ijumaa mchana alikuwa hajala, anahesabu saa zilizobaki kabla ya Jumamosi, na kila gari lililosikika mbali lilimnyanyua kitini. Kwa mara ya kwanza katika kazi yake alikuwa anaogopa kwa dhati. Alimwona mama yake akifukuzwa kwenye mikahawa yake na panga lake la kupogolea mkononi.

Saa kumi Mama Ottilia alishuka kwenye bodaboda, peke yake, akajikung'uta vumbi.

"Gari liko wapi?" aliuliza Cuthbert.

"Halipo. Ndiyo maana nimekuja kudai." Alikaa, akavaa miwani, akakunjua cheti. Watu walikuwa wameshajaa kwenye baraza la nyumba ya wageni. "Tufuate utaratibu. Mwenye biashara ni mimi. Chombo ni cha kuazima. Nimeazima kwa nani?"

"Kwangu."

"Kwa hiyo anayestahili fidia ni wewe. Na anayelipa?"

"Mwavuli Bima," alisema Cuthbert kwa sauti ndogo.

"Ambayo ni nani?"

Cuthbert alitazama ziwa, na ziwa halikumsaidia. "Ni mimi."

"Basi malizaneni," alisema Mama Ottilia. "Mimi simo."

Baraza lilicheka mpaka kuku wakakimbia. Cuthbert hakucheka. Alipiga magoti kabisa, mbele ya wateja wake wote, akasema kesho saa sita shamba la mama yake linakwenda. Ilikuwa sentensi yake ya kwanza ya kweli tangu Jumatatu.

"Haliendi," alisema Mama Ottilia. Akafungua pindo la kanga, akatoa karatasi kuukuu ambayo Cuthbert aliijua hata kwa mkunjo. "Mkataba wa kukodi ulikuwa ndani ya gari. Nimempelekea Ladislaus gari lake, nikamwonyesha barua yako. Imesema umenikabidhi gari na kila kinacholihusu. Alisoma, akafungua kabati, akanikabidhi na hati. Magunia yamerudi kwa wenyewe."

Cuthbert alinyoosha mkono. Hati ikarudi kwenye pindo.

"Hii inakaa kwenye kabati la kanisa mpaka Dunstan apate mtumbwi uliomwahidi. Seremala wa Mbaha anatafuta mtu wa kumsaidia kuchonga. Utaanza kesho."

"Mama, mimi sijawahi kuchonga."

"Na bima hujawahi kuuza. Umejitahidi."

"Ulijuaje lakini?" aliuliza Cuthbert.

"Sahani za Edina. Kampuni ya kweli ingetuzungusha miezi sita. Wewe ulilipa siku hiyohiyo, bila hata kuuliza meza ilivunjikaje. Nikasema huyu ni tapeli." Alivua miwani, na sauti ikapungua ukali. "Nimezunguka mpaka Namswea pia, mwanangu. Mama yako anakusalimu. Amesema nisikupe hati hata ukilia."

Hapo Cuthbert alilia, kidogo tu, kwa aibu na kwa nafuu ambayo hakuweza kuitenganisha na aibu. Mama alikuwa anajua, na shamba lilikuwa bado lake. Alijifuta uso kwa tai, akanyanyuka, akatazama barabara ya vumbi inayokwenda Mbaha.

"Nitafikaje huko?" aliuliza. "Kuna mwenye baiskeli aniazime?"

Edina ndiye aliyejibu, bila tabasamu hata kidogo.

"Mimi ninayo. Kata bima kwanza."