Kulabu Mara Kumi

Jumatatu, 3 Novemba
Ijumaa Profesa Kessenich anachagua: uzi wangu au wa Friederike. Mmoja utajaribiwa kwa panya, mwingine utafungiwa kabatini. Miaka mitatu ya maisha yangu! Ni nyuzi za plastiki, ndogo hata hazionekani, zenye kulabu za aina mbili. Moja inakamata protini inayolisha saratani, nyingine inamkamata mzoa taka wa seli. Wakikutanishwa, protini inabomolewa. Kwenye seli za majaribio, Friederike ametia nyuzi chache tu. Mwoga! Mimi nimetia mara kumi.

Jumanne, 4 Novemba
Friederike kaniuliza nyingi hivyo za nini. Nikamjibu siri ya mpishi. Akasema haya bwana Hartwig, ila ukiharibu, keki ni juu yako. Ndiyo sheria ya maabara yetu hapa Jena: anayeharibu huoka. Nikamshauri yeye ndiye akanunue unga.

Jumatano, 5 Novemba
Picha zimetoka. Protini ikibomolewa, mstari wake mweusi hufutika. Wa Friederike umefutika. Wangu upo! Mnene, mweusi ti! Nimelaumu mashine, kisha maji, kisha Friederike.

Alhamisi, 6 Novemba
Friederike amenielewesha bila kunisimanga, na hilo ndilo lililoniuma. Nyuzi zikizidi, alisema, huu unashika protini, ule unashika mzoa taka, na hakuna unaowakutanisha. Akasema nimwombe Profesa wiki moja zaidi, nirudie kwa nyuzi chache. Atakubali, ila nimwombe mwenyewe.

Nilimkumbuka mama siku aliyozidiwa hospitalini. Ndugu saba tulijazana chumbani, kila mmoja kamshika mkono au mguu, na hakuna aliyetoka kumwita daktari. Bado inanichoma.

Ijumaa, 7 Novemba
Keki moja ingemlainisha Profesa. Nikaoka kumi! Maabara yote ikajaa. Watu wanne walimzunguka Profesa na sahani zao. Wengine watano walinishika mimi, eti niwaeleze nimetia nini kwenye hiyo ya tufaha. Niliponasuka, Profesa alikuwa ameshaondoka, na Friederike ndiye aliyepewa panya. Friederike akaniambia, “Hartwig jamani, si ungemwendea tu ukamwomba?” Nyuzi zangu ziko kabatini. Nilitamani kulia.

Nimewaza sana njia nzima ya kurudi nyumbani, na kosa nimeliona. Keki zilikuwa chache. Jumatatu naoka ishirini.