Amplifaya Isiyo na Risiti

Gazeti lilitufikia likiwa limefungia karanga, tena la juzi, lakini kijiwe chetu cha mtaa wa Mwisenge hakijawahi kuidharau habari kwa sababu ya umri wake. Alfonsi alikula karanga zote kwanza, ndivyo alivyo, ndipo akatutangazia kwamba ruhusa bado ipo mwaka huu wa themanini na sita: mwenye fedha zake za nje alete bidhaa, na haulizwi fedha kazitoa wapi.

"Haulizwi?" Fundi Bernado akainua macho kutoka kwenye redio aliyokuwa ameitoa utumbo. "Juzi juzi hapa walikuwa wanauliza hata kijiko."

Benchi letu liko mbele ya kibanda chake. Tunamwita Fundi Valvu, kwa ajili ya zile taa za kioo za redio za zamani ambazo anazipenda kuliko ndugu zake. Alfonsi ni Besi, kwa sababu muziki usiompiga tumboni kwake si muziki. Yeye huuza bati anazozitoa mpakani Sirari. Tereza anatuuzia kahawa na kutusahihisha. Thadeo, mtunza stoo, kwao Butiama, ni Kimya, na jina hilo amelitolea jasho. Mimi wananiita Katibu, maana nakumbuka mambo ambayo wenzangu wangependa yasahaulike.

"Mimi hivyo viredio kaseti vinavyoingia sasa sivitaki," Besi akasema. "Ukiongeza sauti vinalia kama mbuzi aliyekanyagwa. Nataka amplifaya ya zamani, ile ya chuma. Unaiweka mezani, meza inaomba msamaha."

"Ya zamani hainunuliwi kama nyanya, mura," Fundi akasema. "Kwanza unainyanyua. Ikikukamata kiuno, transfoma ipo. Ikiwa nyepesi, wajanja wameshakula shaba. Pili unainusa. Ikinuka ugali ulioungua, rudisha. Tatu unazungusha pale pa sauti. Pakikwaruza usiogope, hiyo ni vumbi, tunaoshaga na spiriti inakwisha."

"Na bei?"

"Bei unauliza mwisho, ukishaiponda mbele ya mwenyewe hadi akaionea aibu."

"Mimi siipondi," Besi akasema. "Mwenye nayo leo nampa bati ishirini, geji ishirini na nane, mpya, hazijaona jua."

Hapo Kimya akakohoa. Tukageuka wote, kwa sababu hata kikohozi chake huwa tunakisikia mara moja kwa mwezi.

"Mimi ninayo," akasema.

Tereza alikuwa anamimina. Kahawa ikajaa kikombe, ikashuka kwenye sahani, ikaendelea na safari.

"Tangu lini?" Fundi akauliza.

"Tangu sabini na nane. Aliniuzia mwalimu mmoja Mzungu pale Bunda, alikuwa anarudi kwao. Valvu nne, na mbili za akiba kwenye soksi."

"Inapiga?"

"Ilikuwaga inapiga. Chumbani kwangu hapa mjini, kwa sauti ndogo."

"Sasa iko wapi?"

"Butiama."

"Kwa nani?"

Kimya akatazama vidole vyake vya miguu. "Kwa Mihayo."

"Mihayo gani?" Besi akauliza. "Yule baba yako mdogo tuliyemzika themanini na tatu? Kumbe marehemu alikuwa na amplifaya?"

"Marehemu ndiye amplifaya."

Inabidi nieleze, maana hata mimi nilihitaji muda. Themanini na tatu ndio mwaka wa msako wa wahujumu uchumi. Ukikutwa na kitu cha maana bila risiti, wewe ni mhujumu, utajieleza mbele ya safari. Watu walimwaga sukari ziwani, samaki wakanywa chai sisi tukalala njaa. Katikati ya msako huo ndipo Kimya alipotuletea habari kwamba baba yake mdogo amefia Mwanza kwa kipindupindu, na sanduku lisifunguliwe. Kijiwe kizima tulipanda lori kwenda kuzika.

"Mimi nilibeba lile sanduku," Besi akasema polepole. "Bega langu hili. Nikawaambia watu, huyu mzee alikula vizuri."

"Na likagonga ndani, nikashangaa," Fundi akasema. "Ukatuambia ni rozari."

"Ilikuwa transfoma," Kimya akasema.

"Mimi nilitoa kilo ya sukari," Tereza akasema, na uso wake haukuwa wa mzaha. "Mwaka ule. Kilo. Na mtoto wa dada yangu akaitwa Mihayo, jina la marehemu lisipotee. Tumempa mtoto jina la redio?"

"Amplifaya," Fundi akamrekebisha.

"Na katekista alisali," nikaongeza mimi, kwa faida ya kumbukumbu. "Alimwombea pumziko la milele."

"Basi imepumzika, hiyo ni nzuri kwa valvu," Fundi akasema. Ameshaacha aibu, yuko kazini. "Uliifunga na nini?"

"Mifuko ya mbolea mitatu. Majivu na mkaa pembeni."

"Safi. Unyevu ndio adui. Tukiitoa, mtu asiichomeke kwenye umeme kwa pupa. Imefunga miaka mitatu, utaiua kweli. Tunapitisha umeme kwenye balbu ya wati mia kwanza, inakunywa kidogo kidogo kama mgonjwa wa uji. Siku mbili. Balbu ikififia, marehemu kafufuka."

Besi akasimama. "Twendeni na majembe. Bati ziko tayari."

"Haiwezekani," Kimya akasema, akamshika Besi mkono. Tulikuwa tunacheka, tukaacha. "Mama. Kila mwezi wa kumi na moja anapeleka maua. Anapafagia, anapaongelesha. Nyumba yake inavuja, bati nazitaka kwa ajili yake, lakini nikilifukua lile kaburi mbele yake namuua. Miaka mitatu nimemliza mama yangu kwa ajili ya chuma."

Nilimwonea huruma, nakiri, na si kawaida yangu. Besi akaanza kupendekeza tuseme Mihayo anahamishiwa makaburi ya misheni, Fundi akapendekeza ndoto ya ukoo, Tereza akawaambia wote wawili wataungua moto. Kelele zikawa nyingi kiasi kwamba hatukumwona Mama Skolastika, mamake Kimya, ambaye Jumamosi hushuka mjini na mihogo yake na kupita kumsalimia mwanawe.

"Shikamoo, mama," tukasema kwa pamoja, kama darasa lililoiba chaki.

"Marahaba. Nimesikia kuanzia kwenye balbu," akasema, akatua kikapu.

Kimya akapiga magoti palepale kwenye vumbi. "Mama, nisamehe. Mihayo..."

"Mihayo gani? Mimi nimeolewa pale na baba yako, na baba yako alizaliwa peke yake. Baba mdogo angetoka wapi?"

Kijiwe cha watu wazima, na hakuna aliyewahi kuuliza hilo.

"Sasa mama, ulilia vile kwa nini?"

"Wewe si ndiye uliyekuwa hatarini kwa ule mtambo usio na risiti? Usiku silali, kila gari likisimama nasema wamekuja kukuchukua. Mama akilia bila msiba watu wanauliza kulikoni. Ukaniletea msiba, nikashukuru, nikalia."

"Na kufagia?"

"Nilikuwa nazibua mfereji, maji ya mvua yasituame juu yake. Ungeoza huo mtambo wako." Akamtazama Fundi. "Mkija kufukua, mje kwa adabu, msikosee kaburi. Lile la pembeni kwa jirani ni cherehani."

Fundi alicheka mpaka akaangukia redio ya watu. Besi, mfanyabiashara, akawahi. "Kwa hiyo mama, tumekubaliana. Bati ishirini, nyumba yako haivuji tena."

"Nyumba yangu inavuja tangu uhuru na sijafa. Miaka mitatu namlilia mtu huyu, sauti yake sijawahi kuisikia. Haendi kwa mtu kabla sijamsikia anavyosema."

"Na mimi mnunuzi, mama?"

"Wewe utakuja kumaliza matanga kama wenzako. Na sukari uje nayo."

Besi akauliza kilo ngapi.