Kiti cha Tatu cha Kwenda Doha

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Mwanangu Rahim amepiga simu kutoka Doha. Alianza kwa kusema ana habari njema, kwa hiyo nikashuku mapema. Amepata nyumba. Mkewe Shamima na mtoto, wanaokaa kwetu, waondoke Jumamosi ya wiki ijayo. Mtoto ana miezi mitano na Shamima hajawahi kupanda ndege, kwa hiyo atalipia kiti cha tatu: mtu mzima wa kumsaidia kubeba. Mtu huyo akae huko mwezi mmoja, atembezwe, kisha arudi.

Mtu mzima! Nani kama si mimi? Mtoto anaitwa Suleiman. Mimi naitwa Suleiman. Ni wajina wangu, damu yangu. Pasipoti ninayo, niliichukua kwa ajili ya Umra ambayo haijapatikana bado. Mke wangu hataki hata kusikia. Anasema magoti yake yamegoma kwenye ngazi za msikiti, sembuse mawingu.

Sijamaliza kufurahi, mlango ukagongwa. Mwanatatu! Mama yake Shamima, mwenye duka la vitambaa kule Karurumo. Eti amekuja kumsalimia mjukuu. Na kapu la nduma, magimbi ya kwao. Na sanduku. Mtu wa kusalimia haji na sanduku.

Rahim amesema ataamua Jumatatu ijayo. Atakwenda yule ambaye mtoto anatulia kwake.

Jumanne, 5 Agosti

Sikulala. Mwanatatu anakoroma! Si kukoroma kwa kawaida. Ukuta ulitetemeka. Kikombe changu kilitembea juu ya meza. Nashuku anafanya makusudi nichoke, nionekane mzee mbele ya Rahim. Nilimwambia mke wangu. Akasema Mama Shamima ni mnene, amesafiri, amechoka, na mimi nigeukie ukuta. Ukuta upi? Huo unaotetemeka?

Baada ya chai Shamima alitusomea mashauri ya kusafiri na mtoto mchanga. Rahim ameyatuma. Yametoka kwa mama mmoja wa kazini kwake, mwenye watoto watatu, anayepanda ndege kila mwaka. Nimeyachunguza moja moja.

Mtoto anyonye ndege ikipaa na ikishuka, maana kumeza kunafungua masikio. Hapa kuna hila. Mimi nitanyonyesha nini? Mwanatatu naye hana cha kunyonyesha, lakini alitabasamu.

Beba nguo za kubadilisha, za mtoto na za anayempakata. Za anayempakata? Nani hapa anauza vitambaa? Nimeelewa.

Omba mapema kile kitanda kidogo kinachofungwa ukutani. Wajina wangu atundikwe ukutani kama kalenda! Haiwezekani.

Mwisho: watoto wengine husumbuliwa na mlio wa injini. Hapo nikavuta kikombe. Nikanywa chai polepole. Duka langu la Kinoru limepakana na mashine ya kusaga ya Gitobu.

Jumatano, 6 Agosti

Mpango umeanza. Nimemwambia Shamima nampeleka mtoto kupunga upepo. Akasema, asante baba, usimweke juani. Nimeketi naye kwenye stoo ya duka, nyuma ya ukuta wa mashine. Gitobu aliwasha. Mtoto alilia kama amechomwa. Niliendelea kumpakata kiume. Mara macho yakalegea. Akalala kama gunia!

Gitobu alichungulia dirishani. Akauliza, Mzee Sule, huyu nimsage laini ama ya kuku? Wateja wakacheka. Sikujibu. Mtu wa sayansi hajibu wateja.

Nyumbani mke wangu aliuliza kwa nini mtoto ana nyusi nyeupe. Nikasema ni poda. Akauliza kwa nini na mimi nina nyusi nyeupe. Nikasema ni uzee. Alinitazama muda mrefu. Nashuku anashuku.

Ijumaa, 8 Agosti

Mtoto anazidi kuwa rubani. Leo alifumba macho kabla debe la kwanza la mahindi halijaisha. Mashine ikizimwa, anaamka na kulalamika.

Nikaona nimtie Mwanatatu hofu ili ajitoe mwenyewe. Baada ya swala nilimweleza kwa upole kwamba choo cha ndege kinavuta. Mtu akikosea kukaa anaweza kwenda. Akasema ndiyo, kinapiga kelele kidogo, lakini alikizoea alipokwenda Jedda mara ya kwanza. Mara ya kwanza! Kumbe amekwenda mara mbili. Hakuna aliyeniambia. Akaniuliza, Baba Rahim, wewe uliwahi kupanda lini? Nikasema nimeziona nyingi. Shamima alikohoa kwenye leso. Mke wangu alikwenda jikoni na huko nikasikia kicheko.

Lakini Mungu hamtupi mja wake. Alasiri nilipita mlangoni pa chumba cha wageni (nilikuwa natafuta nyundo) nikachungulia. Mwanatatu amelala chali, anakoroma, pazia linakwenda mbele na nyuma. Na juu ya kifua chake, mtoto! Amelala naye. Analala kazini! Je, ndege ikiwa angani? Nimepiga picha na kumtumia Rahim. Nimeandika chini yake: "Huyu ndiye wa kuaminiwa?" Amejibu kwa alama ya moyo. Nashuku amefadhaika hajui la kusema.

Jumapili, 10 Agosti

Yote tayari. Nimependekeza jaribio lifanyike kesho katika stoo ya duka. Sababu niliyotoa: stoo ni nyembamba kama ndege. Mwanatatu aliuliza kwa nini tusikae sebuleni kama watu. Nikamwambia sebule haina umbo. Mke wangu aliniunga mkono, sikutarajia. Alisema afadhali, ameshapiga deki.

Gitobu ameahidi kuwasha mashine nitakapopiga chafya mara mbili. Nimempa sukari. Alitaka kujua ninaiba nini.

Mke wangu amenikumbusha nibebe kanzu ya pili, mashauri yamesema. Nimekataa. Siwezi kumpa Mwanatatu furaha hiyo.

Jumatatu, 11 Agosti

Nitaandika ukweli ingawa unauma.

Stoo ilipangwa vizuri. Viti kwenye mstari mmoja, mimi mbele, kanzu nyeupe ya Idi. Shamima alishika simu, Rahim akitazama kutoka Doha. Mimi ndiye niliyepewa mtoto kwanza, kwa heshima ya umri. Nikapiga chafya. Nikapiga ya pili. Mashine ikanguruma! Mtoto akafumba jicho moja. Rahim akasema, mashallah, Baba, kumbe. Nilimtazama Mwanatatu. Alikuwa anakunja leso yake, ameshindwa.

Stima ikapotea, mashine ikazimika.

Kimya! Kimya kama cha kaburini. Kinoru nzima kimya. Mtoto akafungua lile jicho, akanitazama kama tapeli aliyemlia hela, akaanza. Nilimpiga piga mgongoni. Nilingurumisha koo kama mashine. Akalia zaidi. Nilipiga chafya tena, na tena, mpaka Rahim akauliza kama Baba ana homa. Sauti ya Gitobu ikapenya ukutani: Mzee, hata ukipasuka pua, stima hakuna!

Wote wakageuka kunitazama. Hapo hapo mtoto akatapika. Maziwa yote. Kuanzia kwenye kola mpaka mapajani. Shamima akauliza kama nimebeba kanzu nyingine.

Mwanatatu akampokea. Hakufanya lolote! Alimlaza kifuani, akaegemea gunia la mchele, akasema kelele za asubuhi zimemchosha, akafumba macho. Punde akaanza kukoroma. Ndoo zilizotundikwa ukutani zikagongana. Na mtoto, jamani, mtoto akashusha pumzi na kulala. Fo fo fo.

Rahim alisema jambo limekwisha. Akaongeza kwamba tangu ile picha niliyomtumia Ijumaa moyo wake ulikuwa umeshaelekea huko, na ananishukuru kwa kuwa muungwana.

Nimechunguza. Mpwa wa Mwanatatu, Jamaldin, ni fundi wa stima Embu. Fundi wa stima! Mke wangu anasema fundi huyo hurekebisha pasi. Ndivyo wanavyoanza.

Jumapili, 17 Agosti

Wamefika salama. Jana niliwasindikiza mpaka uwanja wa ndege nikiwa nimebeba sanduku la Mwanatatu. Lina mawe. Mtoto alinishika ndevu mlangoni na hakutaka kuachia. Shamima alimbandua kidole kimoja kimoja. Baadaye nilisimama pale mpaka askari akaniuliza nangoja nani. Sitaandika zaidi kuhusu hilo.

Leo Shamima amepiga simu. Anasema ndege nzima ilimsifu mtoto. Injini zilipoanza kunguruma, watoto wengine walipiga mayowe, yeye akafumba macho. Hakuamka mpaka Doha. Ilibidi wamfinye finye nyayo ili anyonye ndege ikishuka. Wahudumu walikuja mmoja mmoja kumwuliza Mwanatatu siri yake. Naye akasema ni dua na subira!

Dua na subira! Ni mashine ya Gitobu! Ni kazi yangu! Niliruka kitini. Nikamwambia Shamima ampe Rahim simu. Nikamweleza kila kitu kwa mpangilio: ukuta, debe la mahindi, chafya, yote. Nilitaka tu haki ipatikane.

Rahim akauliza kwa sauti ndogo, Baba, ulimpeleka mwanangu kwenye mashine ya unga? Mke wangu, aliyekuwa anachambua mchele, akasema: poda.

Sijapewa chakula cha jioni. Nimekula nduma za Mwanatatu zilizobaki. Ni nzuri, na hilo linanitia shaka.

Jumatano, 20 Agosti

Habari mpya. Nyumba ya Rahim iko ghorofa ya juu, madirisha mazito, hakusikiki hata gari. Mtoto hawezi kulala kwenye kimya. Anakodoa macho usiku kucha. Wamejaribu feni, wamejaribu redio. Analala mahali pamoja tu: kifuani pa Mwanatatu akikoroma. Kwa hiyo Rahim amemwomba asirudi baada ya mwezi. Akae mpaka mwakani! Anashughulikiwa karatasi. Mwanatatu amenitumia picha amesimama ufukweni, miwani myeusi, wajina wangu amelala begani. Ameandika: "Baba Rahim, salamu kwa Gitobu." Nimeiangalia picha hiyo mara nyingi kuliko inavyostahili. Amenenepa. Mtoto, si yeye.

Mke wangu ananiuliza nimejifunza nini. Nimekaa nikafikiri kwa utaratibu, bila hasira, na nimepata jibu. Mafunzo yalikuwa sahihi. Kosa lilikuwa moja: stima.

Binti yangu Aaliyah, aliyeolewa Kaaga, atajifungua mwezi wa kumi. Mwiti ana mashine ya kupasulia mbao jirani na kwao. Inatumia dizeli. Haipotei! Na mlio wake unaushinda wa Gitobu mara mbili. Leo nimempelekea Mwiti sukari.

Nimempigia Aaliyah kumwambia aanze kutafuta pasipoti ya mtoto. Ameshangaa. Anasema yeye na mumewe hawana safari yoyote, wala ndugu ng'ambo, wala nia.

Ndivyo wanavyosema wote.