Homa ya Mtandao wa Malaba

Jumatatu asubuhi, mbele ya foleni ya malori yaliyopangana hadi kwa wauza ndizi, Bwana Onyuka aliutangazia umma wa Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, kwamba mtandao wa ofisi yake haukuwa umeharibika. Ulikuwa unaumwa.

Alikuwa Kaimu Mkuu wa Kitengo cha Uratibu wa Uvukaji, na hilo neno kaimu lilimkosesha raha. Ijumaa mgeni mkubwa angekuja kutoka Nairobi kumthibitisha, na mkuu anayethibitishwa hawezi kuwa na vifaa vibovu.

Ushahidi ulikuwepo. Vidude vya WiFi vilivyochomekwa nyuma ya kompyuta vilichemka kila ifikapo saa nne, mtandao ukakatika, malori yakasimama. Adeke, muuguzi wa mpaka, akavielekezea kile kipimajoto anachopimia wasafiri. Kikapiga kelele.

"Boss, hii si ugonjwa," akasema Collins wa kompyuta. "Mmezifunika na vitambaa, hewa haipiti. Na driver, hiyo programu ya kuziendesha, ni ya kitambo, inazikimbiza bila kupumzika. Wacha nitoe vitambaa niweke mpya."

Vitambaa vile vya maua ya pinki vilifumwa na mke wa Bwana Onyuka, kimoja kwa kila kompyuta. Wazo la Collins halikujadiliwa.

"Mwongozo uko wazi, kijana. Chochote kinachovuka thelathini na nane kinatengwa. Mtu, kifaa, hata mbuzi."

Vidude vikachomolewa, vikalazwa kitandani katika chumba cha karantini. Jioni vilikuwa baridi kabisa, na Nairobi ikaarifiwa kwamba wagonjwa wote wamepona. Kesho yake vikarudi kazini, vikachemka upya. Bwana Onyuka akaliita hilo wimbi la pili, akaomba bajeti.

Nje, Mama Petronilla alikuwa amekalia kreti zake za nyanya kutoka Mbale, maji mekundu yakimchuruzikia miguuni.

"Boss, nyanya inaoza! Watoto wangu watakula hiyo joto yako?"

"Vumilia, mama. Tuna wagonjwa."

Ijumaa Bwana Onyuka alivaa suti nzito na tai, akasimama juani kumngoja mgeni, ambaye alichelewa kama inavyostahili cheo chake. Gari lilipofika, Adeke akawapima wote langoni. Mgeni alikuwa salama. Onyuka, thelathini na tisa.

"Ni suti, Adeke! Ni jua! Wacha nivue koti hewa ipite!"

"Mwongozo hauongei mambo ya koti, mzee."

Mgeni akaziba pua, akarudi nyuma, na papo hapo akamkabidhi ukuu mtu pekee aliyeonekana kujua anachofanya: mwenye kipimajoto. Amri ya kwanza ya Adeke ilikuwa ile anayompa kila mama mwenye mtoto wa homa: mgonjwa avuliwe nguo zilizozidi. Vitambaa vikatoka. Collins akaweka driver yake mpya, mtandao ukasimama imara, na Mama Petronilla akaondoka na kreti zilizosalia, akitukana kwa Kiluhya na Kiganda.

Akabaki Bwana Onyuka, aliyetengwa tangu langoni, akigonga mlango wa karantini kutoka ndani. Adeke akaufungua mfumo wa karantini kwenye kompyuta ili amruhusu atoke. Mfumo, ambao sasa ulikuwa na kasi ya ajabu, ukajibu bila kusita: mgonjwa hutoka kwa idhini ya Bwana Onyuka pekee, na akaunti ya Bwana Onyuka imefungwa kwa sababu za kiafya.