Lori la Umaskini wa Kaplelmet

Habari njema humfikia mwizi kabla ya kumfikia mwumini. Weldon Kipchirchir, mjanja wa Londiani, alikuwa akinywa chai hotelini Kapkatet alipowasikia watu wa meza ya pili wakisema kwamba wazungu wa misheni, madaktari na walimu wa kujitolea, wangefika kijiji cha Kaplelmet Ijumaa kusaidia zahanati na shule. Jumatatu asubuhi alikuwa Kaplelmet ndani ya suti ya kijivu, akijiita mratibu wa misheni. Kitambulisho kilichoning'inia shingoni kilikuwa na picha yake mwenyewe, na huo ndio ukweli pekee uliokuwamo.

Kaplelmet si kijiji cha njaa. Bonasi ya majani chai ilikuwa imegeuka sofa na televisheni karibu kila nyumba. Kilichokosekana ni zahanati ya maana. Iliyokuwapo ilikuwa na benchi moja na muuguzi mmoja, Sista Janeffer, aliyeonywa kwamba kama hakuna vitanda na viti kufikia mwisho wa mwezi, mlango unafungwa. Akina mama wangekwenda kujifungulia Kapkatet kwa bodaboda, kwenye barabara inayomchosha hata mzima. Sista alipita nyumba kwa nyumba akiomba msaada, akaambiwa arudi kesho. Jambo hilo lilimuuma sana.

Weldon alianza kwa Mzee Kipruto, mwenye sofa kubwa kuliko zote.

"Mzee, mimi najua hawa watu," alimwambia. "Wanasaidia maskini tu. Wakiona TV, wanageuza gari waende Sigowet."

Mzee akauliza sasa itakuwaje. Kwa sauti ya matangani, Weldon akaeleza kwamba analo lori. Mali yote ingewekwa stoo ya misheni mpaka wageni waondoke, kisha kila mtu angerudishiwa vyake pamoja na mabati mapya na karo ya mtoto mmoja. Mzee aliuliza kama jiko la gesi nalo huhesabiwa utajiri. Weldon alisikitika, akasema gesi ndiyo mbaya zaidi.

Kufikia Jumatano kijiji kizima kilikuwa kikishindana kwa ufukara. Mama Fancy alitoa vitanda, godoro na pazia, kisha akang'oa na mlango. Majirani wawili nusura wapigane wakibishana nani hana kitu zaidi. Mzee Kipruto alivaa shati la kulimia na kujifunza kukohoa.

Sista Janeffer peke yake ndiye aliyekuwa na namba ya simu ya kiongozi wa misheni. Alipiga, akaambiwa hakuna Weldon wanayemjua. Hakupiga kelele. Aliwaomba wageni waje Alhamisi badala ya Ijumaa, kisha akaenda kumwambia Mchungaji Ogada kwamba mratibu ameleta vitu vya zahanati na vinahitaji kuombewa. Ulikuwa uongo mtupu, na mimi nimemsamehe.

Alhamisi lori lilikuwa limejaa, Weldon ameshaketi kando ya dereva. Sista akasimama mbele ya bampa.

"Bwana mratibu, hapa gari haitoki bila maombi," alisema.

Watu wakaunga mkono. Kaplelmet hata baiskeli mpya huombewa, na anayekataa maombi amekwisha kukiri dhambi. Weldon akapiga hesabu kwamba maombi ni dakika tano, akashuka. Hakumjua Mchungaji Ogada.

Maombi yalianzia uumbaji. Weldon alifumba macho na, kwa kuwa ni mtu wa kazi yake, akaitikia kuliko wote. Wana wa Israeli walipokuwa wakitoka Misri alisikia gari likiegeshwa, lakini nani hufumbua macho katikati ya sala?

"Bwana, pokea vitu hivi," mchungaji alimalizia. "Mtumishi wako Weldon amevitoa kwa zahanati hii, na hatavidai tena. Watu wako wote waseme?"

"Amina," kijiji kikaitika, Weldon akiwa ameinua mikono yote miwili.

Alipofumbua macho, wazungu sita walikuwa wakifuta machozi, na vijana wa kwaya walikuwa wakishusha kitanda cha pili. Mzee Kipruto alifungua mdomo. Kisha akaona daktari mmoja akilitazama shati lake kwa huruma, akaufunga. Na Kaplelmet kilichoitikiwa Amina hakidaiwi. Kuna mtu aliwahi kudai jogoo wake wa harambee, na mpaka leo anasalimiwa kwa mbali.

Sista akamsogelea Weldon na brashi ya rangi mkononi.

"Chagua, ndugu yangu. Brashi ama polisi. Wageni nimewaambia umekuja kujitolea."

Wiki mbili Weldon alipaka rangi zahanati ile, kwa suti, bila malipo, akipigwa picha kila siku.

Mlango haukufungwa. Mtoto wa kwanza alizaliwa kwenye kitanda cha Mama Fancy, na Sista alilia kwa furaha. Wagonjwa nao waliongezeka ajabu. Mzee Kipruto, kwa mfano, alianza kuumwa kichwa kila siku saa saba mchana, saa ya taarifa ya habari.

Siku moja Weldon, mgongo ukimuuma, alijitupa kando yake kwenye ile sofa kubwa, sasa ya zahanati. Mzee hakuondoa macho kwenye televisheni.

"Kijana, toa hiyo suti ya rangi kwa kiti," alisema. "Hiyo ni mali ya mtu."